William Froude na Vijimeli Vyake

Mashua ikikata maji pale kwenye kidimbwi cha Uhuru Park, yale mawimbi yake yana hesabu. Aliyeifumbua ni Mwingereza William Froude, aliyezaliwa Dartington mwaka wa 1810. Kwanza alijenga reli chini ya Brunel, kisha akavutiwa na meli.

Swali lilikuwa gumu: utajuaje nguvu itakayohitajika na meli ambayo haijaundwa? Mabingwa wengine walisema vijimeli ni vya kuchezea tu. Wapi! Mwaka wa 1867 Froude alivivuta vya futi 3, 6 na 12 mtoni Dart, akaona siri. Urefu ukipungua mara 16, mwendo nao upunguzwe mara 4, yaani kipeuo cha pili cha 16. Meli ya maili 12 kwa saa, kijimeli maili 3, na mawimbi yanafanana! Msuguano haufuati kanuni hiyo, kwa hivyo aliupigia hesabu kando. (Hapa ndipo wengi wetu tungekwama.)

Mwaka wa 1871 meli halisi, Greyhound, ilivutwa baharini ikapimwa. Kijimeli chake kikaja kutoa majibu yanayokaribiana. Birika lake la Torquay likaanza kazi mwaka wa 1872. Leo hata mainjinia wa mabwawa hutumia kanuni yake.

Alifariki mwaka wa 1879 huku huku Afrika, Simon's Town, akazikwa na wanamaji.