Maisha ya Christian Dior na Sketi Zilizozusha Ugomvi

Najua baadhi yenu mtacheka mkiona kwamba mimi, mvulana wa miaka 19, nimeandika habari za mtu aliyebuni nguo za wanawake. Wenzangu katika gazeti letu wamekwisha kuandika maisha ya majemadari, wavumbuzi na watakatifu. Lakini ninayo sababu yangu, nami nitaieleza kwanza.

Mwaka 2022 nilikuwa katika shule nyingine, nikarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Nilipofika nikamkuta mama pamoja na shangazi wamekunjua kitandani kitambaa cha gomesi, cha kung'aa, mita nyingi sana. Dada yangu alikuwa karibu kumjulisha mchumba wake kwa jamaa, na mama alitaka kupendeza mbele ya wageni. Mimi nikakihesabu kile kitambaa kwa macho, nikaona kila mita ni siku zangu za masomo. Sikusema neno, kwa kuwa si adabu kumhoji mama, lakini moyo uliniuma. Nilikaa nyumbani juma tatu. Tangu siku ile nikachukia nguo zote za fahari.

Basi nilipokuja shule hii nikachaguliwa kusema katika mdahalo juu ya hoja kwamba nguo za gharama kubwa zinadhuru nchi. Nilifurahi sana. Nikaenda maktaba kutafuta silaha za maneno, na huko nikakutana na maisha ya Christian Dior.

Mtu huyu alizaliwa tarehe 21 Januari 1905 katika mji wa Granville, pwani ya Normandy, Ufaransa. Baba yake, Maurice, alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha mbolea. Mama yake, Madeleine, alipenda maua, na Christian alijifunza kwake majina ya maua na jinsi ya kuyatunza. Wazazi walitaka awe balozi, wakampeleka kusoma mambo ya siasa huko Paris. Yeye alipenda picha na muziki zaidi. Mwaka 1928 baba yake akampa fedha za kufungua duka la picha pamoja na rafiki yake, lakini kwa sharti moja: jina la Dior lisiandikwe mlangoni. Watu wa heshima hawakutaka jina lao lionekane juu ya duka. Likumbukeni sharti hilo.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1931 mama yake alikufa, na katika mwaka huo huo baba yake akafilisika, maana biashara ya dunia nzima ilikuwa imeanguka. Duka la picha nalo likafungwa. Mwaka 1934 akaugua kifua kikuu, ikambidi aende milimani apate nafuu. Aliporudi hakuwa na fedha wala kazi. Akaanza kuchora kofia na magauni na kuuza michoro hiyo kwa nyumba za nguo za Paris. Wakati huo alikuwa na miaka 30, na ndiyo kwanza alikuwa akiianza kazi iliyompa sifa. Mwaka 1938 akaajiriwa na fundi mmoja mkubwa, Robert Piguet.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza aliitwa jeshini. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940 alikwenda kukaa kusini, katika kijiji cha Callian, pamoja na baba yake na dada yake mdogo, Catherine, wakalima mboga na kuziuza. Mwishoni mwa mwaka 1941 alirudi Paris, akafanya kazi katika nyumba ya nguo ya Lucien Lelong. Paris ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Nyumba za nguo ziliendelea kushona, na baadhi ya wateja wao walikuwa wake wa wakuu wa Kijerumani. Catherine yeye alifuata njia nyingine. Aliingia katika kundi la siri la kuwapinga Wajerumani. Mwezi wa Julai 1944 alikamatwa, akateswa, kisha akapelekwa Ujerumani katika kambi ya Ravensbrück. Kaka yake alitafuta kila njia ya kumwokoa asifaulu. Aliwaendea hata wapiga ramli, maana alikuwa mtu wa kuamini sana mambo ya bahati. Catherine alirudi mwezi wa Mei 1945, hai, lakini amedhoofika mno. Mimi nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Nilikuwa nimetafuta mtu wa kumshambulia, nami nimekuta nyumba yenye huzuni.

Mwaka 1946 tajiri mmoja wa viwanda vya pamba, Marcel Boussac, alimtaka Dior aifufue nyumba moja ya nguo ya zamani iliyokuwa ikifa. Dior alisita. Inasemekana kwamba siku zile aliokota njiani nyota ndogo ya chuma, akaiona kuwa dalili njema. Akamjibu Boussac kwamba haitaki nyumba ya mtu mwingine, anataka nyumba mpya yenye jina lake mwenyewe. Boussac akakubali. Basi katika Avenue Montaigne, namba 30, jina la Dior likaandikwa mlangoni, lile lile ambalo baba yake alilificha.

Tarehe 12 Februari 1947, siku ya baridi kali, akaonyesha nguo zake za kwanza, zipatazo 90. Ili mwelewe fujo iliyofuata, yawapasa mjue wanawake wa Ulaya walikuwa wakivaaje siku zile. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini nguo zilikuwa bado haba. Sketi zilikuwa fupi na nyembamba ili kuokoa kitambaa, na mabega ya koti yalikuwa mapana kama ya askari. Wengine walivaa viatu vya soli za mti. Mara wasichana wa Dior wakaingia ukumbini. Mabega yao yalikuwa ya mviringo, viuno vya nyigu, na sketi ndefu, pana, zilizofunguka kama ua, zikipangusa viti zilipozunguka. Sketi moja iliweza kula zaidi ya mita 10 za kitambaa. Ndani ya magauni mlikuwa na mifupa ya kubana kiuno, na nyonga zimejazwa pamba ili zionekane pana. Mwandishi mmoja mwanamke wa Marekani, Carmel Snow, akaliita jambo hilo New Look, yaani Sura Mpya, na jina hilo likaenea duniani.

Wengi walifurahi mpaka machozi. Lakini si wote. Huko Paris, nguo hizo zilipopelekwa mtaa wa Lepic, katika soko la watu maskini, ili zipigwe picha, wanawake wa sokoni waliwashambulia wasichana waliozivaa, wakawavuta nywele na kuwararulia magauni. Mkate ulikuwa bado wa mgao. Mama aliyekosa nguo ya kumvika mtoto wake aliona mita 10 kiunoni mwa mtu mmoja, asivumilie. Ndugu zangu, niliposoma hayo nilisema moyoni kwamba hawa ni watu wangu.

Huko Uingereza nguo zilikuwa za kuponi mpaka mwaka 1949. Sir Stafford Cripps, waziri wa serikali, alizipinga sketi ndefu kwa kuwa nchi ilikuwa na madeni na kitambaa kilitakiwa kuuzwa nje. Wanawake wengine katika Bunge walisema pia kwamba ni upotevu. Huko Marekani wanawake waliunda vyama vya kuzikataa sketi ndefu, na Dior alipokwenda huko mwaka 1947 kupokea tuzo mjini Dallas, alikutana mjini Chicago na wanawake wenye mabango ya kumpinga. Hawa hawakukosa kitambaa. Wao walichukia kuamriwa na mwanamume mmoja wa Paris waifiche miguu yao na kuzitupa nguo zao nzima. Coco Chanel naye, fundi mwanamke maarufu, alizidharau nguo hizo za kubana, na mwaka 1954 akafungua tena nyumba yake akishona nguo nyepesi ambazo mwanamke aweza kutembea nazo na kufanya kazi.

Hata hivyo Sura Mpya ilishinda. Maduka yaliiga upesi, na wasichana wa kazi walishonea vipande vya mapazia chini ya sketi zao ili zirefuke. Mwaka 1951 Binti wa Mfalme, Margaret, alitimiza miaka 21 akiwa amevaa gauni la Dior. Nyumba ile ilikua mpaka ikaajiri watu wapata 1,000: wakata nguo, washonaji, watia nakshi, na wengine wengi wakaishi kwa kuiuzia vitambaa, vifungo na utepe. Nchi iliyotoka vitani ilipata fedha za kigeni kwa sindano. Jambo hilo sikulipenda kulisoma, maana liliiharibu hoja yangu.

Dior mwenyewe alikuwa mnene, mwenye haya, mpenda chakula na bustani. Manukato yake ya kwanza, Miss Dior ya mwaka 1947, aliyapa jina kwa heshima ya Catherine. Alichoka mapema kwa kazi. Tarehe 24 Oktoba 1957 alikufa ghafula kwa ugonjwa wa moyo huko Montecatini, Italia, akiwa na miaka 52, akazikwa Callian. Enzi yake ilikuwa ya miaka kumi tu. Kazi yake ilishikwa na kijana wa miaka 21, Yves Saint Laurent, mzaliwa wa Oran, Algeria. Wavulana wenzangu, tazameni: miaka miwili tu zaidi yangu.

Siku ya mdahalo nilisema kwa nguvu, nikawaeleza wanawake wa mtaa wa Lepic, na upande wetu ukashinda kwa kura. Lakini sikufurahi, kwa sababu mambo ya upande wa pili niliyajua nami nikayanyamazia.

Likizo ilipofika nilimwomba mama ruhusa, nikamwuliza kwa upole habari za ile gomesi. Hakukasirika. Alinieleza kwamba tangu kumzika baba, miaka tisa kabla ya siku ile, hakuwa amenunua nguo mpya hata moja. Kila shilingi ilikwenda kwetu. Siku ya dada alitaka, kwa saa chache, wageni wamwone kama mtu, wasimwone kama mjane. Aliniambia pia kwamba zile juma tatu zangu zilimwuma kuliko nilivyojua.

Sikuwa na la kujibu. Hata sasa naona wanawake wa sokoni walikuwa na haki ya kukasirika, maana njaa haina subira. Lakini wale waliolia kwa furaha ukumbini, baada ya miaka ya soli za mti na hofu, hao nao sasa nawaelewa. Gomesi ile ingalipo sandukuni mwa mama. Ameniambia ataivaa tena siku nitakapomaliza shule.