Mwenda Msiri, mutu aliyevuka Luapula

Katika shirika letu, wengi walivuka mpaka wakikimbia. Msiri alivuka bila kufukuzwa na mutu. Alizaliwa Unyamwezi, Tanzania ya leo, karibu mwaka 1830, akaitwa Ngelengwa. Baba yake Kalasa alikuja huku Katanga kununua mukuba, kisha anarudi kwao. Mtoto alishika njia ileile katika miaka ya 1850, lakini yeye akabaki.

Tunajiuliza sababu. Angetaka mali tu, angefunga mizigo na kurudi sawa baba yake. Yeye alitaka kufika mbele zaidi. Alijenga Bunkeya, akatuma misafara ya pembe, ya mukuba na ya watumwa (ndiyo, watumwa, tusifiche) mpaka njia zake zikagusa pwani zote mbili, ya Zanzibar na ya Benguela. Mke wake mmoja, Maria da Fonseca, alitoka upande wa Angola. Kwetu Sandoa, kwa Balunda, sifa zake si tamu sana: njo yeye alikata njia ya biashara na ushuru kati ya Mwant Yav na Kazembe.

Mwaka 1891 msafara wa Stairs, wa mfalme Leopold II, ulitoka Zanzibar ukapita Unyamwezi kumfuata. Msiri alikataa bendera yao. Tarehe 20 Desemba kapteni Bodson alimpiga risasi, akafa. Bodson naye akapigwa risasi palepale, akafa baadaye. Watu wa Bunkeya walitawanyika. Baadaye walirudi, na mpaka leo mfalme wa Bayeke anakaa pale, na jina analobeba ni Mwenda.