Mehta: Alihama Uganda, akatawala Safari

TIMU mbili zikilingana pointi, kanuni ndiyo inayoamua bingwa. Ndivyo Shekhar Mehta alivyotwaa Safari Rally 1973, msimu wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio za magari. Yeye na Msweden Harry Källström, wote kwenye Datsun, walimaliza na pointi sawa za adhabu. Kanuni ikambeba Mehta.

Mzaliwa huyo wa Uganda alikuwa ndio kwanza amehamia Kenya na familia yake, 1972, wakimkimbia Idi Amin.

Aliyedhani ile ilikuwa bahati tu, alijibiwa barabarani: 1979, 1980, 1981, 1982, mfululizo! Ubingwa wa dunia hakuwahi kuupata hadi anafariki 2006. Lakini Safari tano, si mchezo.