Lawrence wa Arabuni na ile safari fupi ya nduthi

Unaijua hii. Umefika steji, mmeelewana bei na mtu wa boda, kisha anakunyoshea helmeti ya abiria. Unachungulia ndani: sponji imelowa jasho la wasee wote waliopanda tangu alfajiri. Nywele umesuka jana tu. Basi unaitundika kwenye kiwiko, mnatoka. Si ni hapo tu mbele?

Sikulaumu. Kovu lililo juu ya jicho langu la kushoto nililipata kwenye safari ya dakika tano, helmeti ikiwa mkononi. Ndiyo maana nimekuwa nikisoma kuhusu jamaa mmoja anayeitwa T. E. Lawrence. Chuo niliacha mwaka wa pili, historia yangu ni ya kujisomea kwenye simu, lakini huyu mtu hanitoki akilini.

Pengine umeiona filamu yake, Lawrence of Arabia, ya 1962. Inaanza na ajali ya pikipiki. Watu wengi hudhani hicho ni kionjo tu cha filamu. La, ndivyo alivyokufa.

Alizaliwa Agosti 1888 huko Wales, akakulia Oxford. Hata hilo jina Lawrence wazazi wake walijipa tu, maana babake alikuwa ameacha mke na jina lake la ukoo. Alikuwa mfupi, lakini mwili wake aliutesa kama chuma. Mwaka wa 1909, akiwa bado mwanafunzi, alitembea kwa miguu karibu kilomita 1,600 Syria na kandokando yake akikagua ngome za kale. Juani, peke yake. Mtu kama huyo akishazoea kwamba mwili haumwangushi, nani atamwambia kitu?

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alipelekwa Cairo kama ofisa wa ujasusi. Waarabu walipoasi utawala wa Waturuki mwaka wa 1916 alitumwa kwao, akawa karibu na Mwanamfalme Feisal. Hapa kuna jambo la mavazi. Feisal ndiye aliyemshauri avue kaki avae kanzu na kilemba, kwa sababu kaki iliwakumbusha watu maofisa wa Kituruki, tena kanzu ilifaa zaidi juu ya ngamia. Akakubali. Kwa hiyo usifikiri hakujua maana ya kuvalia safari. Alijua sana. Kwa kanzu hiyo alilipua reli ya Hejaz, akaingia Aqaba Julai 1917, na Damascus Oktoba 1918.

Vita vilipoisha alikuwa supastaa, na sifa hizo zikamchosha. Mwaka wa 1922 akajiunga na jeshi la anga la Uingereza kama askari wa cheo cha chini kabisa, kwa jina la uongo, John Hume Ross. Magazeti yakamfichua, akatolewa. Akaingia kikosi cha vifaru kwa jina la Shaw, baadaye akarudishwa jeshi la anga. Hebu fikiria, kanali mzima anapiga deki kambini ili aachwe kwa amani.

Amani yenyewe aliipata kwenye pikipiki. Si pikipiki za mchezo: Brough Superior, zilizoundwa Nottingham na George Brough, ghali kiasi kwamba zililinganishwa na Rolls-Royce. Ile aina ya SS100 ilikuja na hakikisho kwamba imefika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Mwaka gani? Miaka ya ishirini na thelathini, barabara nyembamba za mashambani! Alimiliki 7, akaziita George, wa kwanza hadi wa saba. Aliwahi hata kushindana na ndege.

Na kichwani? Kofia ya jeshi ya kitambaa, au upepo mtupu. Helmeti zilikuwapo, usidanganyike. Waendeshaji wa mashindano ya Isle of Man walilazimishwa kuzivaa tangu 1914. Lakini zilionekana vitu vya resi. Mtu anayeenda posta avae helmeti ya nini?

Na ni posta kweli alikoenda. Tarehe 13 Mei 1935, miezi michache tu baada ya kustaafu, alitoka kwenye kijumba chake cha Clouds Hill, Dorset, akaendesha hadi kambi ya Bovington kutuma telegramu. Kilomita chache tu. Akirudi, karibu na nyumbani, barabara ilikuwa na bonde dogo linaloficha kilicho mbele. Vijana wawili walikuwa kwenye baiskeli. Akakwepa, akarushwa juu ya usukani, kichwa kikagonga chini. Alilala siku sita bila fahamu, akafa tarehe 19 akiwa na miaka 46. Risasi za Waturuki hazikumuua. George wa nane alikuwa bado akitengenezwa kiwandani.

Miongoni mwa madaktari walioitwa kando ya kitanda chake alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Hakuweza kumwokoa. Lakini vita vya pili vilipokuja, waendesha pikipiki wakafa ovyo kwenye barabara zilizozimwa taa, naye akaanza kuhesabu. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendeshaji na abiria 2,279 waliuawa Uingereza, na wengi walikufa kwa majeraha ya kichwa. Waliovaa helmeti aliowapata walikuwa 7 tu, na wote 7 walipona. Akachapisha hayo mwaka wa 1941, na Novemba ya mwaka huohuo jeshi likawalazimisha wajumbe wake wa pikipiki kuvaa helmeti.

Raia wakaendelea kuachiwa uamuzi wao. Huko Uingereza sheria ya kila mtu ilifika 1973, miaka 38 baada ya Lawrence, wakati Cairns mwenyewe alishakufa tangu 1952. Malalamiko yalikuwa yaleyale unayoyasikia stejini: joto, uzito, hausikii vizuri, ni hapo tu mbele.

Mimi siku hizi nina yangu. Ni nzito, inanibana masikio, na mtu wangu wa boda hunicheka kila asubuhi nikiitoa kwenye begi.