Ibn al-Haytham wa Basra na Mabaka ya Mwezi

Wazee wetu wa Unguja na Mombasa waliijua Basra kwa tende zake, zilizoteremshwa majahazini msimu wa kaskazi. Lakini mji huo, ulioko kwenye kichwa cha Ghuba hii hii tunayoishi sisi wa Doha, Dubai na Maskati, umetoa zaidi ya tende. Takriban mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia, alizaliwa huko Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye Wazungu walimwita Alhazen.

Mwandishi wa tarikhi Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka 1248, anasimulia kwamba khalifa al-Hakim wa Misri alipata habari kuwa yuko mtu anayeweza kuyadhibiti maji ya Mto Nile. Akamwita, akampa watu na mali. Ibn al-Haytham akapanda na mto hadi upande wa Aswan. Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale yalivyopimwa kwa ustadi, akawaza kuwa lau jambo hilo lingewezekana, mafundi wale wangelikwisha kulifanya. Alipoyakagua maporomoko kwa macho yake, akawa na yakini kuwa haiwezekani. Alirudi akamweleza ukweli khalifa ambaye watu walimwogopa kwa wepesi wake wa kuua. Baadaye, kwa kuihofia roho yake, alijifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 411 Hijria (1021). Kisha akakaa karibu na mlango wa Msikiti wa Azhar, akila kwa kunakili vitabu vya Euclid na Ptolemy.

Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba. Humo alithibitisha kuwa jicho halitoi miale, bali nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni. Lakini mimi kilichonivuta kwake ni risala ndogo aliyoiandika juu ya mabaka yanayoonekana usoni mwa Mwezi.

Wakati ule zilikuwepo rai nyingi. Wapo waliosema Mwezi ni kama kioo, na mabaka ni sura ya bahari na milima ya dunia yetu. Wengine walisema kuna kitu kinachozuia baina yetu na Mwezi. Ibn al-Haytham alizipima rai hizo moja moja. Lau ingekuwa ni sura kwenye kioo, ingebadilika kila Mwezi unapohama mahali mbinguni, na mabaka hayabadiliki. Lau kingekuwa kizuizi, watu wa miji iliyo mbalimbali wasingeyaona mahali pamoja. Hivyo akahukumu kuwa sababu imo katika mwili wa Mwezi wenyewe, kwamba sehemu zake hazipokei nuru sawasawa. Hakuwa na darubini, na milima ya huko hakuiona. Hata hivyo leo tunajua kuwa mabaka ni tambarare za mawe meusi ya volkano, yanayorudisha nuru kidogo kuliko nyanda za juu.

Hapa Doha, mimi na watoto wa dada yangu tunachora ramani yetu ya Mwezi kwa picha tunazopiga juu ya paa. Taa za mji huzima nyota, lakini Mwezi hauzimiki. Tuna darubini ndogo na simu. Tunarekodi video fupi, kisha programu ya kompyuta inachagua picha zilizo kali na kuzilaza moja juu ya nyingine, ili mtikisiko wa hewa na vumbi upungue. Kila picha tunaiandikia tarehe ya Hijria, maana hiyo karibu ndiyo umri wa Mwezi. Tarehe 3 ni mwezi mchanga, 7 au 8 ni nusu, 14 ni mpevu.

Usiku wa mwezi mpevu vivuli karibu vyote hutoweka, hubaki rangi ya mawe tu, yaani yale mabaka ya Ibn al-Haytham. Siku za nusu, kwenye mpaka wa nuru na giza, vivuli hurefuka, na milima na kreta hujitokeza. Ramani inahitaji picha za aina zote mbili, la sivyo mtu atakidhani kivuli ni jiwe jeusi. Tunazipanga kwa kufuata kreta zinazojulikana, kama Tycho na Copernicus. Na kwa kuwa Mwezi huyumbayumba kidogo, anayeendelea kupiga picha kwa muda mrefu huweza kuona takriban asilimia 59 ya uso wake.

Mwaka 1647 Johannes Hevelius wa Gdansk, aliyekuwa mtengenezaji wa bia, alichapisha atlasi ya Mwezi aliyoichora kutokana na kutazama juu ya paa lake. Kwenye ukurasa wa mbele aliweka sura za watu wawili: Galileo na darubini yake, na Ibn al-Haytham na mchoro wake wa hesabu.

Watoto wetu wanasoma majina ya Mwezini wakadhani yote ni ya watu wa mbali. Mashariki ya Bahari ya Misukosuko, karibu na ukingo, iko kreta ya Alhazen, yenye upana wa kilomita 33 hivi. Jua huifikia mapema, katika siku za mwanzo baada ya mwezi kuandama, wakati sisi sote tunatazama magharibi. Kwenye ramani yetu bado ni mstari mwembamba tu, tunasubiri Mwezi uyumbe upande wetu. Watoto wameshaiandika jina, kwa herufi za Kiarabu.

Ibn al-Haytham alifariki Kairo takriban mwaka 430 Hijria (1040). Mwenyezi Mungu amrehemu.