Al-Biruni na Hesabu ya Sataranji

Wapenzi wa sataranji wanakijua kisa cha mwenye hekima wa Kihindi aliyeulizwa na mfalme ataka zawadi gani. Aliomba ngano: punje moja katika chumba cha kwanza cha ubao, mbili katika cha pili, nne katika cha tatu, na kuzidi maradufu vivyo hivyo hadi chumba cha 64. Mfalme akaiona zawadi hiyo ni duni. Leo nataka kumweleza mwanachuoni aliyeipigia hesabu yake, Abu Rayhan al-Biruni.

Alizaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarazm, kusini ya bahari ya Aral. Alipofika miaka 22 hivi, vita vya watawala vilimtoa kwao, akawa mkimbizi. Yapata mwaka 1000, akiwa Gorgan katika Uajemi, alitunga kitabu chake Al-Athar al-Baqiya juu ya kalenda za mataifa, na humo ndimo alimoieleza hesabu hii.

Hakujumlisha chumba kwa chumba. Alionyesha kwamba idadi ya chumba chochote, ukitoa moja, ni sawa na jumla ya vyumba vyote vilivyokitangulia. Basi yatosha kukijua chumba cha 65, ambacho ubaoni hakimo! Tena idadi ikizidishwa kwa nafsi yake huruka mbali: 16 ya chumba cha tano huzaa 256 ya cha tisa, 256 huzaa 65,536 ya cha 17, hiyo huzaa 4,294,967,296 ya cha 33, na hiyo ndiyo izaayo ya 65. Ukitoa moja wapata 18,446,744,073,709,551,615.

Nimeijaribu kwa kalamu na karatasi, nayo ni sahihi. Kwa makisio yangu, tukihesabu punje 25 kwa gramu moja, na mavuno ya ngano ya dunia nzima tani milioni 800 kwa mwaka, mfalme yule angedaiwa mavuno ya zaidi ya miaka 900. Ajabu nyingine, idadi hiyo yagawanyika kwa 3, 5, 17 na 257 bila kubakisha kitu.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazni aliiteka Khwarazm, akamchukua al-Biruni. Huko hakukaa bure. Alijifunza Kisanskriti, na mwaka 1030 akamaliza kitabu chake kikubwa juu ya India. Wasimulizi wa kale wanaeleza kwamba Sultani Mas'ud, mwana wa Mahmud, alimpelekea mzigo wa fedha uliobebwa na ndovu kwa ajili ya kitabu cha falaki, naye akaurudisha hazina.

Alifariki Ghazni katikati ya karne ya 11. Yasimuliwa kwamba akiwa katika sakarati alimuuliza faqihi aliyekuja kumzuru suala moja la mirathi. Faqihi alistaajabu, lakini mgonjwa aliona ni heri kuiaga dunia akilijua kuliko kuiaga hali hajui. Akafundishwa, akalihifadhi. Mgeni alikuwa hajafika mbali aliposikia kilio nyumbani. Mwenyezi Mungu amrehemu.