Rider Haggard na Kitabu cha Kwanza cha Askari

Askari amalizapo zamu yake mjini Juba, na joto la mchana likiisha kupungua kando ya Mto Nile, aghalabu hutafuta kitu cha kuuburudisha moyo. Wako waliojifunza Kiswahili katika miaka ya ukimbizi nchini Kenya na Uganda, na tangu Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya lugha hiyo imezidi kuonekana. Askari wa namna hiyo, akitaka kusoma hadithi za safari na hatari, hukutana na swali moja: vitabu ni vingi, je, kipi kitangulie? Jibu tutalipata katika maisha ya mtu mmoja, Henry Rider Haggard.

Haggard alizaliwa tarehe 22 Juni, 1856, huko Norfolk, Uingereza, akiwa mtoto wa nane katika watoto kumi. Baba yake alimdhania kuwa mzito wa akili, wala hakuona faida ya kumgharimia shule kubwa kama kaka zake. Kijana alifanya mtihani wa kuingia jeshini, akashindwa. Mwaka 1875, akiwa na umri wa miaka 19, alipelekwa Natal, Afrika ya Kusini, kuwa karani asiye na mshahara katika ofisi ya gavana.

Miaka miwili baadaye Waingereza waliitwaa nchi ya Transvaal, na Haggard alikuwa miongoni mwa waliopandisha bendera yao mjini Pretoria. Mwaka 1878 akafanywa msajili wa Mahakama Kuu ya huko. Katika kazi hizo alisikiliza sana habari za wafalme na vita vya Wazulu, na alijuana na mzee mmoja Mswazi, shujaa mwenye shoka, jina lake M'hlopekazi. Mwezi wa Januari, 1879, jeshi la Wazulu lilipowashinda Waingereza huko Isandlwana, Haggard alipoteza watu aliowafahamu. Alijiunga na kikosi cha wapanda farasi wa kujitolea, lakini yeye mwenyewe hakupigana na Wazulu. Kisha, mwaka 1881, Makaburu waliwashinda Waingereza katika mlima wa Majuba, na ile bendera aliyosaidia kuipandisha ikateremshwa. Haggard, ambaye sasa alikuwa na mke na shamba la mbuni, alirejea kwao kusomea sheria.

Hapo ndipo hadithi zake zilipoanzia. Mwaka 1883 Robert Louis Stevenson alitoa kitabu chake cha maharamia na hazina iliyofichwa kisiwani, nacho kikasifiwa kila mahali. Haggard akabishana na ndugu yake kwamba hata yeye aweza kuandika kitabu kama hicho, na ndugu huyo akaweka dau dogo la shilingi kuwa hawezi. Haggard aliandika wakati wa jioni, akamaliza kwa majuma machache. Mchapishaji alimpa hiari: apokee pauni 100 mara moja, au apate sehemu ya kila nakala itakayouzwa. Karani mmoja wa hapo hapo alimshauri achukue njia ya pili, naye akakubali. Kitabu kilitoka mwezi wa Septemba, 1885, kikauzwa nakala 31,000 katika mwaka wa kwanza. Mwaka 1929 Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, alikitoa kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Ndugu msomaji, hicho ndicho kitangulie. Ni kifupi, na mwindaji Allan Quatermain hukisimulia kwa maneno mepesi. Lakini kwa mtu aliyekabidhiwa silaha iko sababu kubwa zaidi. Humo yumo mfalme Twala, aliyenyang'anya kiti kwa damu. Kila mwaka hukusanya majeshi yake, na mchawi Gagool hunusa watu, na kila anayeguswa huuawa papo hapo pasipo kuhukumiwa. Ignosi, mrithi wa haki, anapoomba msaada wa wageni, huambiwa kwanza aahidi kwamba mauaji hayo yatakoma, na kwamba hakuna mtu atakayeuawa bila hukumu. Anaahidi. Hazina ya almasi ndiyo inayovuta macho ya msomaji, lakini ahadi ile ina thamani kuliko almasi. Majeshi ya Twala yalikuwa na nguvu nyingi, lakini sehemu yake ilimwacha kwa sababu askari wenyewe walichoka kuwaua watu wao.

Cha pili kiwe Allan Quatermain cha mwaka 1887, ambacho safari yake huanzia Lamu na kufuata Mto Tana. Ndugu mmoja wa Haggard alipata kuwa naibu wa balozi huko Lamu. Yule mzee M'hlopekazi anaonekana humo kwa jina la Umslopogaas. Cha tatu kiwe Nada the Lily cha mwaka 1892, hadithi ya zama za Shaka, ambayo wahusika wake ni Waafrika. Baada ya hapo msomaji amrudie Stevenson, kisha aende kwa Zane Grey na wapanda farasi wa magharibi ya Marekani.

Hata hivyo, asome macho yakiwa wazi. Haggard aliuamini utawala wa Waingereza maisha yake yote, na vitabuni mwake mzungu ndiye huongoza, tembo huuawa kwa starehe, na mali ya nchi za watu huchukuliwa kama iliyookotwa. Lakini yeye huyo huyo alimfanya Ignosi, mwishoni mwa kitabu, aifunge nchi yake wasiingie wafanyabiashara wa bunduki na pombe.

Haggard alipata utajiri, na mwaka 1912 akapewa cheo cha Sir. Lakini mwanawe wa pekee wa kiume alikuwa amefariki mwaka 1891, na huzuni hiyo hakuizoea kamwe. Alifariki dunia London tarehe 14 Mei, 1925. Jeshi lilimkataa, bendera yake iliteremshwa, na kilichobaki ni vitabu. Askari atakayekifungua cha kwanza, na asisahau ile ahadi ya Ignosi.